Mgeni njoo, mwenyeji apone? Si katika tangi la samaki

WAHENGA walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni methali nzuri, na kule Ukambani haijamwaibisha mtu. Mgeni akipiga hodi katika boma la Kitui au Makueni, kuku hukimbizwa, chungu cha muthokoi hutelekwa, na mwenyeji naye siku hiyo hula akashiba.

Lakini, mpenzi msomaji, iko nyumba moja ambamo methali hii hugeuka ikawa balaa. Nyumba yenyewe ni ya kioo, imejaa maji, na yumkini iko sebuleni mwako wakati huu unaposoma gazeti. Naam, ni tangi la samaki wa mapambo. Humo mgeni huingia kwa shangwe, na baada ya wiki moja au mbili ni mwenyeji anayezikwa.

Nayasema haya kwa sababu yalinikuta. Kijana wa dada yangu, mwanafunzi anayeishi mjini Kitui, alikuwa na gapi saba aliowatunza kwa karibu miaka miwili. Gapi, kwa asiyewajua, ni wale samaki wadogo ambao madume yao yana mikia mipana yenye rangi za kila namna kama leso za akina mama. Likizo moja nikampelekea zawadi ya wengine watatu kutoka Nairobi. Muuzaji alinihakikishia kwamba samaki wake si wa kuvuliwa mtoni. Wamezaliwa na kukuzwa matangini, kwa hivyo ni safi. Nikaamini. Tulipofika nyumbani tulifungua mfuko wa plastiki na kumimina kila kitu tangini, samaki pamoja na maji yao, huku tukipiga makofi.

Siku ya nne wenyeji walianza kujikwaruza kwenye mawe. Siku ya sita walikuwa na madoa meupe mwili mzima, mithili ya samaki walionyunyiziwa chumvi. Siku ya kumi kijana alinipigia simu. Kati ya wale saba alikuwa amebaki mmoja. Hakunilaumu hata kwa neno moja, lakini kimya chake kilinitosha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo huenda nawe unajiuliza: samaki aliyezaliwa tangini, ambaye hajawahi kuona mto wala ziwa, aliutoa wapi ugonjwa?

Kuzaliwa tangini si cheti cha afya

Tuanze na haki ya muuzaji, kwa maana hakusema uongo mtupu. Samaki aliyezalishwa na kukuzwa na binadamu ana nafuu yake. Iko minyoo mingi ya samaki ambayo haiwezi kukamilisha maisha yake bila kupitia kwa konokono, kisha samaki, kisha ndege anayekula samaki. Ndani ya tangi hakuna korongo wala kulasitara, kwa hivyo mnyororo huo hukatika. Samaki wa namna hii pia amezoea chakula cha mkebe na hashtuki akiona uso wa mtu kwenye kioo.

Lakini nafuu si kinga. Mahali wanapozalishwa samaki wengi huwa ni kama bweni la shule: mamia hulala pamoja, maji ya tangi moja huzunguka hadi la pili, na wavu mmoja huchovywa huku na kule kutwa nzima. Kijidudu kisichohitaji konokono wala ndege hufurahia mahali kama hapo. Isitoshe, wengi wa samaki wanaouzwa mijini wamepita mikononi mwa watu kadhaa na kusafiri ndani ya mifuko, wengine wakivuka bahari kutoka Asia. Kila kituo huwakutanisha na majirani wapya.

Liko jambo jingine. Samaki anaweza kubeba ugonjwa bila kuugua. Amekua nao, mwili wake umejifunza kuudhibiti, na ukimtazama unamwona mzima wa afya. Wenyeji wa tangi lako hawajawahi kuukutana nao. Mgeni ni mzima, wenyeji ni wazima, na bado wakikutana watu watalia.

Mfugaji yeyote wa kuku wa Kitui na Makueni analijua jambo hili hata kama hajawahi kusoma kitabu cha mifugo. Kuku akinunuliwa sokoni, nyanya humfunga mguu kwa kamba na kumweka kando kwa muda, asitoroke. Mwenye busara humweka kando kwa sababu ya pili: amewahi kuona kuku mmoja wa sokoni akileta kideri na boma zima likabaki na manyoya tu. Tunachokifanya kwa kuku, mbona hatukifanyi kwa samaki?

Siku za mwizi

Kumweka mgeni kando hadi ijulikane kama ni mzima ndiko kunakoitwa karantini. Mnamo mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru wasafiri waliotoka sehemu zenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye miji mingine ya pwani ile iliongeza siku zikawa 40, na neno lenyewe karantini limetokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya arobaini. Nasi Waswahili husema siku za mwizi ni arobaini. Ugonjwa ni mwizi aliyejificha ndani ya mgeni; ukimpa siku za kutosha, atajitokeza mwenyewe.

Hebu tumtazame mwizi aliyetuibia kule Kitui. Ugonjwa wa madoa meupe huletwa na kijidudu cha chembe moja, nacho huishi kwa awamu tatu. Kwanza hukaa chini ya ngozi ya samaki kikila na kunenepa. Hapo ndipo unapoliona doa jeupe. Kikishashiba huanguka chini, hujifunika ganda na kujigawa mara nyingi, hata kikazaa mamia ya watoto, pengine kufikia elfu moja. Mwishowe watoto hao hutoka wakiogelea kutafuta samaki, na wasipompata katika muda wa siku mbili hivi hufa.

Mambo mawili yatokanayo na hayo uyakumbuke. La kwanza, dawa haimwui kijidudu akiwa chini ya ngozi wala akiwa ndani ya ganda. Humwua akiwa anaogelea tu. Ndiyo maana dawa ya siku moja haimalizi kazi. La pili, kasi ya ugonjwa hufuata joto la maji. Maji yakiwa na nyuzi 25, mzunguko wote huchukua takriban wiki moja au pungufu. Yakipoa, huchukua muda mrefu zaidi. Kibwezi kwenye joto mwizi hujitokeza mapema, lakini mjini Kitui mwezi wa Julai, wakati wa baridi na mawingu, anaweza kukawia. Kwa hivyo ukinunua samaki msimu wa baridi, usifanye haraka kuhesabu siku.

Kwa kawaida wiki nne zinatosha. Wakati wa baridi ongeza mbili, nawe utakuwa umefika zile arobaini za wahenga.

Nyumba ya mgeni

Usidhani karantini inahitaji tangi la pili la bei ghali. Beseni pana la plastiki la lita 40 au 50 linafaa kabisa kwa gapi watano au sita. La muhimu ni kwamba lisiwe limewahi kutiwa sabuni ya unga, dawa ya mifugo au dawa ya mimea. Beseni pana ni bora kuliko ndoo nyembamba ndefu, kwa sababu hewa huingia majini kupitia uso wa maji, na uso mpana huingiza hewa zaidi.

Usitie changarawe chini. Unataka kuona kinyesi, chakula kilichobaki na chochote kinachoanguka. Weka kipande cha bomba la plastiki au kigae cha chungu ili mgeni apate pa kujificha, maana samaki asiye na maficho huogopa, na mwenye hofu huugua. Funika kwa kipande cha chandarua, kwani samaki mgeni huruka, na paka wa nyumbani hana subira.

Pampu ndogo ya hewa yenye chujio la sponji ndiyo kifaa pekee cha kununua. Siri iko kwenye sponji. Maji ya samaki huchafuliwa na amonia itokayo kwenye matamvua na mkojo wao, nayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa wapo bakteria wema wanaoigeuza amonia hiyo, na huwachukua wiki nne hadi sita kujijenga. Basi mwezi mmoja kabla ya kwenda kununua samaki, tumbukiza sponji mpya ndani ya tangi lako la zamani. Siku ya wageni kufika, ihamishie beseni. Umekwisha kuwapelekea watumishi wa usafi waliofunzwa kazi.

Na umeme ukipotea, kama ilivyo desturi? Chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, mara kadhaa kila baada ya muda mfupi. Kazi hiyo wape watoto, wataipenda.

Maji ya chumvi, maji ya mvua

Hapa ndipo mfugaji wa Kitui na Makueni anapotofautiana na mwenzake wa Nairobi. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini na mito ya Aberdare, nayo ni laini, hayana madini mengi. Maji ya visima virefu vya Ukambani, wengi wenu mnajua, mara nyingi ni mazito, mengine ya chumvi kabisa. Chai yake huijua kabla hujaambiwa. Samaki aliyezoea maji laini akitumbukizwa ghafla katika maji hayo, mwili wake hupata mshtuko, na mshtuko humfungulia mwizi mlango.

Kwa hivyo wiki nne za karantini zina faida mbili: zinafichua ugonjwa, na zinampa mgeni muda wa kuzoea maji ya nyumbani. Anza na mchanganyiko wa maji ya mvua na ya kisima nusu kwa nusu, kisha kila unapobadilisha maji ongeza kidogo yale ambayo tangi lako hutumia. Maji ya mvua matupu pia hayafai, kwa kuwa hayana madini ya kuyatuliza, na hali yake hubadilika haraka. Mvua ya kwanza inayoosha vumbi la mabati iache ipite. Kinga ya pili.

Kama unatumia maji ya bomba yaliyotiwa klorini, yaache wazi ndani ya beseni kwa saa 24 kabla ya kuyatumia.

Chagua pia samaki wanaolingana na maji yako. Gapi na moli hupenda maji mazito. Moli huvumilia hata chumvi. Kwa nyumba nyingi za Ukambani hao ndio wa kuanza nao. Wale wa asili ya mito ya maji laini ya Amerika Kusini waachie wenye maji ya mlimani.

Na kwa kuwa maji huku ni mali, usiyamwage ovyo yale unayoyatoa. Yana mbolea. Mimina kwenye sukuma wiki, mchicha au mche wa mpapai, maadamu hukutia chumvi wala dawa.

Safari ya kutoka mjini

Kutoka Nairobi hadi Kitui ni kilomita 170 hivi, na hadi Wote ni pungufu kidogo. Kwa matatu ni safari ya saa mbili na nusu hadi tatu, zaidi kukiwa na msongamano. Samaki asilishwe siku ya safari, ili asichafue maji ya mfuko. Mfuko uwe na maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, na uwekwe ndani ya kikapu au boksi lenye magazeti, mbali na dirisha. Giza humtuliza samaki. Usiuweke juu ya kifuniko cha injini, na usiuache ndani ya gari lililosimama juani Emali ukienda kula.

Ukifika, eleza mfuko ukiwa umefungwa juu ya maji ya beseni kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha ufungue na uongeze kikombe cha maji ya beseni kila baada ya dakika chache, lakini usikawie zaidi ya nusu saa, kwa sababu mfuko ukishafunguliwa amonia iliyomo ndani huwa kali zaidi. Baada ya hapo mchukue samaki kwa wavu umtie beseni. Maji ya mfuko yamwage mbali. Yale si maji, ni mzigo wa mtu mwingine.

Wiki nne za macho

Wiki ya kwanza, lisha kidogo mno, mara moja kwa siku, na uwe mwangalifu. Hesabu namna mgeni anavyopumua. Je, anatwetea juu ya maji? Mapezi yamebanwa mwilini? Anajikwaruza? Hizo ni dalili ambazo huja kabla ya madoa. Kila siku ya pili au ya tatu ondoa robo ya maji, ufyonze na uchafu wa chini. Tafadhali usinyonye mpira kwa mdomo. Iko bakteria ya samaki inayoweza kuingia kwenye mikwaruzo ya ngozi ya binadamu na kuleta vidonda vya ukaidi. Osha mikono kwa sabuni ukimaliza, na usiitie majini ikiwa na jeraha.

Wiki ya pili ndiyo ya mwizi. Mtazame samaki kwa tochi jioni kutoka ubavuni. Doa jeupe kama punje ya chumvi ni lile tulilokwisha kulitaja. Vumbi la rangi ya dhahabu, jembamba kama poda, ni ugonjwa mwingine, nao huua haraka zaidi. Utando kama pamba mdomoni aghalabu ni bakteria. Na ukiona uzi mwekundu ukichungulia nyuma ya gapi, ni mnyoo wa matumbo, ambao huwapata sana samaki wa jamii yake hata wakizaliwa tangini.

Wiki ya tatu wengi huchoka na kusema, "Ah, wazima hawa!" Usishawishike. Mnyoo hukawia. Kinyesi cheupe kama uzi, au samaki anayekula vizuri lakini anakonda tumbo, ni dalili za kumfanya mtu angoje. Wiki ya nne, kama hakuna lililotokea, anza kuwazoesha maji ya tangi kubwa, kisha uwahamishe.

Ziko sheria chache za kushika muda wote huo. Hudumia tangi la wenyeji kwanza, la wageni mwisho, kamwe usigeuze. Kila chombo kiwe na wavu wake, mpira wake na kikombe chake. Kama una wavu mmoja tu, uoshe na uuanike juani hadi ukauke kabisa; vijidudu vingi vya majini havistahimili kukauka, na jua la Makueni halitozi ada. Ukiongeza samaki mwingine mpya katikati ya karantini, hesabu inaanza upya kwa wote. Mmoja akifa, vivyo hivyo. Hata mimea ya majini hukaa kando wiki kadhaa bila samaki, kwa kuwa konokono na mayai yao husafiri nayo.

Nanyi wanafunzi, wekeni daftari. Andikeni tarehe, joto la maji, waliokula na wasiokula. Pimeni pia ujazo wa chombo: urefu mara upana mara kina cha maji, kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Chombo cha sentimita 60 kwa 30 chenye maji ya kina cha sentimita 30 ni lita 54. Bila hesabu hiyo hamwezi kutia dawa; mtabahatisha.

Akiugua afanyweje?

Kwanza, shukuru. Ameugulia beseni, hakuugulia tangini. Wengine wote wamenusurika.

Pili, usikimbilie kumimina kila chupa ya dawa iliyoko dukani. Dawa mbili zisizopatana huua kuliko ugonjwa, na kutia dawa za vijiua vijasumu za binadamu ni kufuga bakteria sugu bila faida. Kwa madoa meupe, chumvi ya jikoni ni tiba ya zamani na inayoaminika kwa gapi na moli. Kiwango ni gramu 2 hadi 3 kwa kila lita. Beseni la lita 40 litahitaji gramu 80 kwa kuanzia. Usitie zote mara moja. Iyeyushe pembeni na uigawe kwa siku mbili. Unapobadilisha maji, rudisha chumvi ya kiasi cha maji uliyotoa tu, maana chumvi haipai na hewa. Endelea hadi siku kumi baada ya doa la mwisho kutoweka. Kambare na mimea haivumilii chumvi vizuri, kwa hivyo hao usiwatie humo.

Kama una hita, kupandisha joto polepole hadi nyuzi 30 huharakisha mzunguko wa kijidudu na kumfanya atoke mafichoni. Lakini kumbuka maji ya moto hushika hewa kidogo, basi pampu isizimwe.

Ukishindwa, uliza. Ofisi za uvuvi za kaunti zina maafisa wanaojua magonjwa ya samaki, na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza, Kitui, hufundisha masomo ya samaki na viumbe wa majini. Usione haya kuuliza habari ya samaki mdogo.

Si tangi lako peke yake

Huenda utasema, "Gapi sita wamekufa, basi, nitanunua wengine." Ngoja kwanza. Samaki Ukambani si pambo tu siku hizi. Mabwawa ya Masinga, lililokamilika mwaka 1981, na Kiambere, lililokamilika mwaka 1988, yamewafanya wavuvi watu ambao babu zao hawakujua ndoana. Tangu mpango wa serikali wa mwaka 2009 wa kuchimba vidimbwi vya samaki sehemu nyingi za nchi, wako wazazi wanaolipa karo kwa tilapia. Sasa fikiria mtoto wako amehuzunika, akaamua kumwachilia samaki mgonjwa mtoni "apone," au umemwaga maji ya tangi kwenye mfereji unaoelekea kwenye kidimbwi cha jirani.

Ulimwengu umekwisha kuonja uchungu huo. Mwaka 1998 virusi vipya viliwaua koi, wale kambo wa rangi wa mapambo, katika nchi za Israeli na Marekani, kisha vikasafiri pamoja na biashara ya koi hadi mabara mengine. Mwaka 2014 wanasayansi walitangaza virusi vingine vinavyoua tilapia, na mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa tahadhari kwa dunia nzima. Mwaka 2018 ilichapishwa kwamba dalili za virusi hivyo zimepatikana katika samaki wa Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania na Uganda. Wanaofuga tilapia waliozalishwa vituoni wana sababu kubwa zaidi kuliko sisi wa gapi ya kuwatenga vifaranga wapya.

Basi samaki wa tangi asiachiliwe mtoni, bwawani wala kwenye kisima cha mchanga, hata akiwa mzima. Aliyekufa afukiwe mbali na maji. Na maji ya karantini yaliyotiwa chumvi au dawa yamwagwe kwenye ardhi kavu, mbali na shamba na mkondo.

Mwezi wa Desemba uliopita nilikwenda tena Kitui. Nilibeba moli watatu weusi, na safari hii nilimkuta kijana amekwisha kuandaa beseni la buluu chini ya ngazi, sponji ndani, chandarua juu, daftari kando. Nilitaka kumsihi awatie tangini tuwaone wakicheza na yule gapi mzee aliyebaki pamoja na watoto wake. Akatikisa kichwa. "Mjomba," akasema, "wewe mwenyewe ukija hapa hunawa mikono kwanza."

Siku ya kumi na mbili moli mmoja alitokwa na madoa. Aliyaona kijana kwa tochi, akatia chumvi, akaanza kuhesabu upya. Moli huyo alipona. Na kule sebuleni, hatua sita kutoka kwenye beseni, gapi mzee aliendelea kula asubuhi na jioni, hana habari kwamba mwizi aliwahi kufika mlangoni.